Kalamu kwa Mshindi

Jumatatu, 5 Julai 1954
Barua kutoka Makerere! Profesa anasema nikimletea utafiti mmoja wa kweli juu ya elimu ya nafsi kwa wanamichezo, yaani kile kinachompa mtu mbio moyoni kabla ya miguuni, atanitafutia nafasi ya kusoma. Mimi Valerian, mwalimu wa hesabu, shule ya kati, Geita! Nimeisoma nimesimama. Kukaa nilishindwa.

Mwalimu Cornel wa kuimba kasema watu wa huku hukimbia wakisikia ngoma tu, hakuna cha nafsi wala nini. Wivu huo.

Jumatano, 7 Julai
Mpango tayari. Mbio za maili tatu, mtoni hadi shuleni, ruksa kwa kila mtu. Mshindi atapata kalamu yangu ya wino. Nani atatoka jasho kwa kalamu? Nategemea watu wanane.

Nimemtuma Bujiku, mpiga mbiu wa mtemi, atangaze vijijini. Nimemtamkia mara tatu: kalamu. Naye kairudia mara tatu, sawasawa kabisa. Kisha akaanza shida zake: anataka kumwoa Melania, baba mtu anadai mahari ya ng'ombe kumi na wawili, yeye anaye mmoja, tena anachechemea. Sikumsikiliza sana. Sayansi kwanza.

Jumamosi, 10 Julai
Mungu wangu! Watu mia nne! Wachimbaji waliotoka zamu ya usiku, na kofia zao za mgodini. Wazee. Bibi Paskazia, mjukuu mgongoni, kawapita wachezaji wawili wa timu ya mgodi na hata hakuhema. Ardhi ilitetemeka. Nilisahau kutazama saa. Sijawahi kuona binadamu wakitaka kitu namna ile, na kitu chenyewe ni kalamu! Machozi yalinitoka, nakiri. Wengi wamekuja na mabakuli. Nadhani ya wino.

Nikaandika taarifa palepale, kurasa kumi na moja, nikaiwahisha kwenye lori la posta.

Ndipo nikatoa zawadi. Mshindi, Mabula, kaigeuza kalamu huku na huku, kisha kauliza nyama iko wapi. Watu mia nne wakauliza pamoja naye. Mwalimu Mkuu, alipoona mawe yanaanza kuokotwa, akaamuru mbuzi wangu wachinjwe. Wote watatu!

Jumapili, 11 Julai
Cornel kaja kunieleza, huku kashika ukuta kwa kucheka. Eti Wasukuma wa huku ulimi wao hauna r. Karamu wao huiita kalamu. Siku tatu nzima Bujiku kawatangazia nyama!

Na taarifa imeshaondoka. Nimeapa: neno kalamu halitanitoka tena kinywani.

Ijumaa, 30 Julai
Profesa kajibu! Kurasa zangu zimemkosesha usingizi. Anakuja mwenyewe tarehe 7 Agosti aone mbio hizo kwa macho yake, na hapohapo ataamua juu ya nafasi yangu. Zikirudiwa, mimi ni msomi. Zisiporudiwa, ni hesabu za darasa la tano hadi uzee.

Mbuzi sina tena. Lakini nimebuni zawadi isiyolika! Mshindi atapata mahali. Mahali pa heshima, kiti cha mbele, ubavuni mwa Profesa. Nimemtamkia Bujiku mara tatu: mahali. Safari hii hakuna r popote, nimehakikisha. Bujiku kashika kifua, katoka mbio kutangaza hata chai hakumaliza.

Jumatatu, 2 Agosti
Nashindwa kuamini. Vijana mia sita wamejiandikisha, wote makapera! Wengine wametembea usiku kucha. Bujiku mwenyewe anafanya mazoezi tangu alfajiri. Leo kanishika mikono miwili, machozi yakimtiririka, kasema Mungu anilipe, sasa Melania atakuwa wake. Sikuelewa, ila nililia naye. Moyo wa mwanadamu ni kitu cha ajabu!

Cornel anacheka tena, hataki kusema kwa nini. Nimempangia kiti cha nyuma kabisa.

Jioni nimepita kwa baba yake Melania. Anapanua zizi. Yote hayo kwa ajili ya kiti kimoja! Nimeliandika hilo pia, nimwonyeshe Profesa.