Kaburi la Baba Mdogo Perez

Jumatatu, 3 Machi 1958
Baraza hapa Ruiru. Bwana DO, afisa wa serikali, anataka kurefusha kiwanja cha ndege. Akina mama wa Gitothua wamekataa katakata: watoto hawalali, kuku wameacha kutaga. Kang'ethe kinyozi akapiga makofi peke yake. Eti abiria watahitaji kunyolewa. Mjinga! Kibanda chake hakijaguswa. Kigingi chekundu cha kupimia kiwanja kimesimama mlangoni pangu, hatua mbili kutoka kwenye cherehani. Nelima, mke wangu, ameniuliza tutashonea wapi. Nimemwambia atulie. Nilimsikia mpimaji wa ardhi akisema kaburi halipitiwi, mstari hupinda. Akili ni mali!

Jumanne, 4 Machi
Watu wakiwa sokoni, nimerundika udongo kando ya nyumba. Msalaba wa mbao za kitanda: PEREZ, BABA MDOGO. Nelima akasema sina baba mdogo anayeitwa Perez. Nikamjibu ndiyo sababu hatuna uchungu. Mpimaji alipofika akavua kofia! Kigingi kikahamia kwa Kang'ethe, ambaye sasa anatangaza kwamba ndege ni hatari kwa watu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Tutalala chini, lakini ni kwetu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mzee Boaz, mkubwa wetu sisi watu wa Bungoma hapa mjini, amekuja na wazee saba. Amefoka. Mtoto wa watu azikwe ugenini na gari la moshi lipo? Perez lazima arudishwe nyumbani. Wakalia. Nami nikalia, tena nikawashinda wote. Nikasema marehemu aliipenda sana Ruiru. Hawakunisikia. Kang'ethe, mtu mwema ghafla, akawaazima koleo mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Walichimba mpaka magotini. Mpaka kiunoni. Mpaka kifuani. Kang'ethe akauliza kwa upole kama Perez alikuwa mtu mfupi sana. Mzee Boaz akatupa koleo chini. Niliona haya, nakiri. Kabla ya jioni kigingi kilikuwa kimerudi mlangoni pangu, na Nelima anafunga mizigo bila kuniangalia.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata chumba Thika. Dirisha zuri, cherehani itakaa hapo. Mwenye nyumba ametaja kwamba barabara itapanuliwa. Sina wasiwasi! Kanisani mhubiri alisema juu ya uongo, nami nikatulia nikalitafakari kosa langu. Lilikuwa moja tu: kaburi lilikuwa tupu. Nimeshamwomba mchinjaji aniwekee mifupa.