Nyuzi Nne kwa Kila Lori

Jumatatu, 3 Machi
Mteja mpya! Kiwanda cha maziwa. Wanataka kampuni yetu iwatengenezee mfumo wa kuonyesha kwenye skrini joto la maziwa yakiwa njiani. Mwezi jana mzigo mzima uliwaharibikia, hakuna aliyejua mpaka tangi lilipofunguliwa. Mhandisi mwenzangu, tunayemwita Miwani, kawaambia tuanze na lori moja, walione, watukosoe, ndipo tusonge. Konokono! Nikasimama. Nikaahidi malori yote Ijumaa. Mkurugenzi wao, mama asiyecheka ovyo, akatabasamu. Bosi akanitupia jicho. La fahari, nadhani. Uongozi wa timu ni wangu.

Jumatano, 5 Machi
Miwani kafunga kipimajoto kwenye lori moja, kisha kashinda humo na dereva. Karudi ananuka maziwa. Eti anajifunza kazi ya mteja. Mimi nimeshinda nikichagua rangi za skrini. Buluu imepita. Vipimajoto vya malori mengine havijafika, lakini skrini itajuaje? Nimeandika nyuzi joto nne kwa kila lori, hata la Miwani, zisije zikagombana. Nne ni namba yenye adabu. Maziwa hayaharibiki, mteja hapigi simu.

Jioni nimemsimulia dada. Kaniambia, "Mdogo wangu, njia ya mwongo ni fupi." Nimemjibu sidanganyi, nautangulia ukweli tu.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya maonyesho, kiwandani kwao. Malori yote nyuzi nne. Makofi! Mkurugenzi kauliza kama hata lile lililoegeshwa uani ni nyuzi nne. Bila shaka, mama! Akatoka kwenda kuhakikisha, sisi nyuma yake kama vifaranga.

Kumbe tangi lilikuwa likioshwa kwa maji ya moto! Dereva akapiga kelele, "Mama, usiguse!" Kachelewa. Mkurugenzi akauvuta mkono, akaupuliza, akanigeukia.

"Hizi ndizo nyuzi nne zako?"

Nikasema pengine ni nne kubwa. Hakutabasamu.

Miwani akatoa simu. Lori lile lile, lenye kipimajoto chake: nyuzi sabini, na maji yalipofunguliwa yatoke, namba ikaanza kushuka mbele ya macho yetu. Mkurugenzi akamwambia aendelee hivyo hivyo, lori kwa lori. Mimi akaniacha kwa bosi. Bosi kayasema yote, njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani kiongozi wa timu. Mimi nimepangiwa kupanda lori na kumsikiliza dereva. Anaongea habari za goti lake tu. Kiwandani nimemwona Mkurugenzi na bendeji mkononi. Aibu imenishika, kwa kweli. Nikajitafakari nilipokosea, na nimepapata: namba zilifanana mno!

Bahati haikatai mtu. Kabla sijatoka ofisini asubuhi, mwenye kiwanda cha barafu alipiga simu. Bosi hakuwepo, nikapokea. Naye anataka mfumo kama huo. Nimemwahidi Alhamisi. Safari hii namba zitapanda na kushuka zenyewe.