Mbawakawa Kwenye Makaro ya Papa Ginette

Jamani, leo nimeaibika. Tena ukweni. Tena nikiwa na suti mpya.

Tulikwenda mtaa wa Kinanira kumuomba Ginette kwa wazazi wake. Mnajua desturi: anayeoa hasemi kitu, ana msemaji. Wangu ni mjomba wangu, tonton Gaspard. Tulipokuwa tunatoka mtaani kwetu Nyakabiga akanionya, "We leo kazi yako ni kunyamaza. Hata wakikutukana, nyamaza." Nikakubali. (Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kunyamaza sikusomea.)

Sebule yao ina makaro meupe, vigae vya sakafuni, yamepigwa deki kwa ajili yetu, yanang'aa. Tonton anaongea vizuri, anazunguka na habari za ng'ombe na urafiki wa familia, wazee wanaitikia kwa vichwa. Mara mbawakawa, yule mdudu mweusi wa gamba gumu, akaingia dirishani, akagonga ukuta, akaanguka chali katikati yetu. Miguu juu, anapiga hewa, anazunguka palepale.

Papa Ginette, yaani baba yake Ginette, akamtazama. "Hiyo imeshakufa. Muitupe."

Nikauma ulimi. Nikauma tena. Wapi!

"Apana, muzee! Haijakufa. Makaro yanateleza, miguu haipati pa kushika. Ukiiweka kwa mukeka, inajigeuza yenyewe."

Tonton akafumba macho.

"Mwalimu," akasema Papa Ginette, "utuonyeshe."

Nikainuka, nikamwokota mdudu, nikamweka kwenye mkeka karibu na mlango, chali vilevile. Akanasa kucha kwenye ukindu, akajipindua, akaenda zake. Wazee wakapiga makofi! Nikageuka kurudi kwenye kiti changu, kifua mbele.

Sasa, viatu navyo vilikuwa vipya. Soli laini.

Yampayinka! Puu! Chali. Nikajaribu kuinuka kwa mkono, mkono ukateleza. Nikajaribu kwa mguu, mguu ukateleza. Suti inabana, kujikunja siwezi. Nikabaki napiga hewa, palepale alipokuwa mwenzangu.

Papa Ginette hakucheka hata kidogo. Akasema, "Mumuweke kwa mukeka."

Nyumba nzima ikalipuka. Tonton mwenyewe, msemaji wangu wa kunitetea, alicheka hadi machozi! Ginette, ambaye desturi inamtaka akae chumbani mpaka aitwe, akatoka mbio pekupeku, akanishika mikono yote miwili, akanivuta hadi nikasimama. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akamtazama binti yake. "Nilitaka kukuita, nikuulize kama huyu mutu unamujua."

"Namujua, papa."

"Nimeona." Akamgeukia tonton. "Basi, kaa tunywe."

Kwa hiyo nimekubaliwa. Furaha ninayo, na kiuno kinauma. Chekeni tu, sikatazi. Ila nawaomba kitu kimoja: siku ya harusi, asiniletee mtu zawadi ya mkeka.