Karibu, Mteja Wetu wa Thamani

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepata mada ya utafiti! Dk. Fredrick, anayetufundisha masoko chuoni wikiendi moja kila mwezi, anataka kila mwanafunzi achague biashara ndogo, aichunguze, airekebishe, kisha aandike ripoti. Wenzangu wamekimbilia maduka ya simu. Mie nimechagua banda la chakula la mke wangu, Hamisa, hapa hapa Chanika. Nauli sifuri. Chai bure.

Na wakati ndio huu. Ng'ambo ya barabara inajengwa sekondari. Msimamizi wa mafundi, Mzee Shija, atatangaza Jumamosi nani apewe tenda ya kulisha kikosi kizima mpaka jengo liishe. Ni Hamisa au Zubeda, jirani yetu aliyenunua viti vipya vya plastiki. Hamisa anaitaka tenda hiyo vibaya mno. Anataka kung'oa makuti aezeke bati, asipike tena huku mvua inamdondokea mgongoni. Hajaniambia mie. Nimemsikia akiyaambia maharage.

Asubuhi nilikaa pembeni, kalamu sikioni. Nilichosikia kimenitia homa. Mzee Shija alifika, mtu mzima, mwenye mvi, mwenye tenda! Hamisa akamwambia hapa hapapikwi chakula cha watumwa, akafikishe kwanza mizigo Ujiji ndipo aje kudai chapati. Mzee akajibu kwamba Wazaramo wangekuwa na akili wasingeuza viwanja vyote wakachezee ngoma. Kisha akala, akaongeza, akalamba vidole.

Najua, najua. Hamisa ni Mzaramo, Mzee Shija ni Mnyamwezi. Watani tangu enzi za mababu. Lakini kitabu cha Dk. Fredrick kinasema lugha mbaya hufukuza wateja. Nimetafuta mahali kinaposema isipokuwa Wanyamwezi. Hakuna.

Jumanne, 9 Septemba

Kikao cha menejimenti. Waliohudhuria: mie, Hamisa, na sufuria la maharage. Nimechora muundo wa taasisi kwenye boksi la mafuta ya kula. Juu kabisa, Mkurugenzi Mtendaji (mie). Chini yake, Mkurugenzi wa Masoko (mie). Chini kabisa, Mkuu wa Uzalishaji (Hamisa). Akauliza anayewasha moto yuko wapi kwenye mchoro. Nikamjibu hilo ni suala la kiutendaji. Akachukua mchoro akafunikia ndoo ya maji, nzi wasiingie.

Nikamweleza kwamba utani mwisho leo. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia nikifeli utafiti huu narudia mwaka. Akaacha kucheka. Akanipangusa unga shavuni, akasema haya Baba Najma, siku chache tu, kwa ajili ya shule yako.

Nina mke jamani! Nimemtungia salamu mpya, nimemkaririsha, nakala nimebandika ukutani.

Jumatano, 10 Septemba

Uzinduzi! Mzee Shija kafika, Hamisa kasimama wima, mikono nyuma: "Karibu, mteja wetu wa thamani. Tukuhudumie nini?"

Mzee akageuka kuona nani anaambiwa. Nyuma yake palikuwa na mbuzi tu. Akakaa polepole. Akala kimya. Mafundi wengine nao wakala kimya, wakatazamana. Baadaye akanivuta pembeni, akauliza kama mtani wake anaumwa. Nikampa dodoso, achague kati ya uso unaocheka na uso ulionuna. Akaweka alama kote kuwili, akaondoka na kuacha nusu ya chapati.

Tathmini yangu: mteja amezidiwa na ubora.

Alhamisi, 11 Septemba

Viti vya Zubeda vimejaa. Kwetu kuku wanatembea watakavyo.

Saa nne akaja Mzee Shija. Amevaa koti! Ameongozana na wazee wawili wa kwao, na kwapani ana jogoo. Nikaandika haraka: wateja wameanza kuleta zawadi.

Kumbe amekuja kuomba radhi. Alisema mtani akiacha kukutania ujue umemkosea kosa kubwa, na yeye ameumiza kichwa usiku kucha, kosa lenyewe halijui. Alikumbusha kwamba siku alipofiwa na mkewe, Hamisa ndiye aliyejilaza mlangoni kwa utani akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe hela ya soda, na ni hapo tu ndipo yeye alipocheka siku ile. Leo mtu huyo huyo anamwita mteja.

Hamisa akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mie nikanyoosha kidole ukutani, kwenye salamu. Msimamo wa menejimenti! Akasema asante kwa maoni yako, mteja wetu wa thamani.

Mzee akainamisha kichwa, akaondoka na wazee wake. Jogoo wamemwacha. Nimemwandika kwenye mafanikio.

Ijumaa, 12 Septemba

Hajaja mtu. Hamisa kapika, kafunika, kafunua, kagawa kwa majirani.

Mchana nikaomba chakula changu. Akasimama wima, mikono nyuma, akaniambia: "Karibu, mume wetu wa thamani. Tukuhudumie nini?"

Kila siku ananiita mzigo wa kuni mbichi, nami hununa. Leo nikamwomba aniite hivyo, hata mara moja. Akanishukuru kwa maoni yangu. Nimekula peke yangu, chakula hakipiti. Nampenda huyu mwanamke na sikujua kwamba matusi yake ndiyo yanayonishibisha.

Jioni habari zikafika: Mzee Shija kawaambia mafundi kesho anampa Zubeda tenda. Hamisa alikuwa anakata vitunguu, machozi yanamtoka. Nilipochungulia, vitunguu vilikuwa vimeisha zamani.

Nilitaka kumwambia aachane na salamu. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kitabu kinasema mabadiliko huhitaji uvumilivu. Badala yake nimeandaa chati.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya tenda. Nilivuka barabara na chati yangu ya manila, nikawakuta mafundi wote wanakunywa supu kwa Zubeda. Mzee Shija akasimama kutangaza. Nikaomba kwanza niwasilishe takwimu. Nikakunjua chati. Upepo ukaichukua, ikatua kwenye karai la zege.

Hapo ndipo nilipomwona Hamisa anavuka. Kanga kiunoni, mwiko mkononi. Hakusalimia. Alimpokonya Mzee Shija bakuli, akainywa supu yake yote mbele ya umati, akafuta mdomo, akasema: "Mtumwa wangu we, nani kakuruhusu kula kwa watu? Beba hilo benchi ulilokalia unifuate!"

Nilitamani kuzama ardhini. Wakurugenzi wote wawili tulitamani.

Mzee Shija akalitazama benchi. Akalibeba kichwani! Akavuka nalo barabara akiimba, mafundi wote nyuma yake wakipiga makarai, yeye akipaza sauti kwamba haijawahi kutokea Mzaramo akajua ladha ya supu isiyo ya kuiba. Anacheka na kulia papo hapo. Alipolitua benchi bandani kwetu akatangaza tenda ni ya mtani wake, bati litanunuliwa, na anayeona wivu akazaliwe Mnyamwezi.

Zubeda alikuja kudai benchi lake na bakuli lake. Hamisa akamwambia watu ni wengi, wapike pamoja. Zubeda akavua viatu, akashika sufuria.

Kisha mke wangu akanigeukia, akaniita mzigo wa kuni mbichi mbele ya kikosi kizima. Nililia. Sioni aibu kuandika.

Jumapili, 14 Septemba

Ripoti tayari! Hitimisho: uaminifu wa mteja hujengwa kwa matusi. Ushahidi ninao, benchi ninalo.

Hamisa amejaribu kunieleza kwamba yale si matusi, ni undugu, na kwa asiye mtani wako yanabaki matusi tu. Nimemsikiliza kwa heshima. Nadharia si fani yake.

Ripoti nimemtumia Dk. Fredrick kwa simu, nikaambatanisha na ujumbe wa sauti. Yeye Mhaya, mie Myao wa Tunduru, utani hatuna, ila sayansi haina kabila. Nimemwambia kichwani mwake mna ndizi nyingi kuliko vitabu, na awahi kuisoma ripoti kabla sijaifungia maandazi. Sauti imetoka safi kabisa. Tiki zimekuwa za bluu papo hapo.

Amepiga mwenyewe! Anataka nifike kesho asubuhi ofisini kwa mkuu wa idara, na nije na mtu mzima wa kuniombea. Sikutegemea matokeo ya haraka hivi. Hamisa ameshika kichwa, sasa anapiga pasi gauni lake la heshima ili anisindikize. Mie natunga la kumwambia mkuu wa idara. Nasikia ana upara. Nitaanzia hapo.