Waranti Mbili za Lori Moja

Leo nimeaibika. Nimeaibika mpaka nikiliangalia lori langu naona kama lenyewe ndilo linanionea haya. Naandika nikiwa nimekaa kando ya barabara, mikono inanuka oili. Acheni niwasimulie mwenyewe, kabla yule baba wa Musoma hajaisambaza video yake.

Lori langu mnalijua. La buluu, tani tatu, lina miezi minane tu tangu litoke dukani na nailoni kwenye viti. (Nailoni bado ipo. Siitoi.) Mama aliniongezea nusu nzima ya bei kwa kahawa ya misimu miwili kule Kagera. Siku linafika padri alilinyunyizia maji ya baraka, na mama akaniwekea sharti moja palepale: "Fundi wa mtaani asiliguse hili." Kitabu cha waranti nacho kinasema hivyohivyo, ukurasa wa nne. Fundi wa nje akigusa kitu, waranti ya kitu hicho imekufa. Ukurasa wa nne nimeusoma jana jioni. (Ndiyo. Mimi, Mhaya, ninayewasahihisha wenzangu mpaka kwenye misiba, kitabu cha lori langu sikuwa nimekisoma.)

Sasa sikilizeni kosa lilivyoanza. Wiki mbili zilizopita nilitoka Magu na magunia ya mpunga. Nafika Igogo kushusha, nikaona oili inadondoka chini ya injini. Tone. Tone. Tone. Ilikuwa inatoka kwenye sampo, lile karai la chuma linalobeba oili chini ya injini. Nikachanganyikiwa. Lori jipya linavuja! Hatua kumi kutoka hapo kulikuwa na fundi amelala chini ya basi bovu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaishika miguu ile nikaiomba msaada.

Akatoka mtu mpole, anaitwa Masalu. Hakuuliza maswali mengi. Akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakifinyanga mkononi kama anayetengeneza tonge la ugali, akakikandika penye ufa, kisha akafunga na mpira wa tyubu. Mafundi wetu wote wanaijua dawa hiyo. Akaniambia, "Bosi, hii usiitoe. Ukiitoa tutalaumiana." Tangu siku hiyo halijadondoka hata tone.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini jana dereva mwenzangu kaniambia kwamba waranti ikiwa hai, kampuni inakupa sampo mpya bure. Bure! Usingizi ukaniruka. Ndipo nikasoma ukurasa wa nne, na ndipo shetani akanivutia kiti.

Alfajiri nikaingia chini ya lori na mswaki wa zamani. Nikatoa mpira. Nikatoa sabuni. Nikasugua mpaka chuma kikang'aa. Yaani nimetoa kitu kinachozuia kuvuja ili niende kulalamika kwamba linavuja. (Someni tena sentensi hiyo. Mimi nimeisoma mara tano.)

Mama, ambaye yuko kwangu kwa matibabu ya mgongo, akatoka na kikombe cha chai. "Proje, unafanya nini huko chini?"

"Nalikagua, mama."

"Ndiyo utunzaji huo, mwanangu." Akaniwekea chai karibu na tairi. Iliniuma kidogo. Kidogo tu, maana nilikuwa na haraka.

Kwa bahati mbaya akasema tunakwenda wote. Eti vijana wa maofisini wanamheshimu mtu mwenye mvi. Akavaa kitenge chake cha Jumapili, akachukua rozari, akapanda mbele. Njia nzima oili inadondoka na mimi nafurahi. Nilikuwa natazama kioo cha pembeni nikihesabu matone barabarani kama mtu anayehesabu kura zake.

Pale kwenye karakana ya kampuni akatupokea dada mmoja fundi mkuu, anaitwa Neema. Ovaroli safi, kalamu sikioni, adabu tele. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Kisha akanigeukia. "Kaka, kuna fundi mwingine amewahi kuligusa?"

"Hakuna."

"Hata kidogo? Hata kulichungulia?"

"Dada, hili lori halijawahi kuchunguliwa hata na kuku."

Akaniletea fomu ya kuthibitisha kwa saini. Nikatia ile saini yangu ndefu yenye mkia. Mama naye, bila kuombwa, akainua rozari. "Huyu alikuwa mtumishi wa altare miaka sita. Mwanangu hasemi uongo." Nikatazama dari. Dari lao ni zuri sana.

Neema akainama chini ya injini, akanusa. "Mbona huku kunanukia sabuni?"

"Usafi tu. Sisi tunafua mpaka lori."

Akasema hata hivyo lazima wachunguze kwanza, maana sehemu iliyoguswa hailipiwi na waranti. Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Kulikuwa na wateja watatu wanasubiri, mmoja ni yule baba wa Musoma mwenye pikapu, ambaye dai lake lilikataliwa wiki iliyopita. Alipoona nabishana, alifufuka. "Wabane hao! Leo wamepata kiboko yao." Akatoa simu, akaanza kurekodi.

Nyie mnanijua nikipata hadhira. Nikaongea! Nikataja haki za mnunuzi, nikataja jasho la wakulima wa kahawa, nikamtaja na padri. Nilisema lori linalovuja likiwa na miezi minane ni sawa na mtoto mchanga mwenye mvi. Watu wakapiga makofi. Mama akatikisa kichwa kwa fahari, na mimi nikaona bado haitoshi. Nikasema, "Linyanyueni! Linyanyueni juu kabisa, na kila mtu aliyepo hapa aje aone kwa macho yake kama kuna mkono wa fundi wa mtaani." (Nilisema mimi. Hakuna aliyenilazimisha.)

Wakalipandisha kwenye lifti, ile mikono ya chuma inayobeba gari juu. Lori langu likapaa taratibu. Tukasogea chini yake wote, mama mbele, mimi nimemshika mkono. Kwa mbele sampo inang'aa. Nikatabasamu.

Neema akazunguka nyuma. Akamwita baba wa Musoma. Akasema, "Baba, hebu soma hapa, mimi labda sioni vizuri."

Jamani, alfajiri nilisugua nikiwa nimelala kwa mbele. Upande wa nyuma wa sampo sikuufikia. Na Masalu, kama mafundi wetu wote, kazi yake huiwekea jina. Baba wa Musoma akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani, simu bado inarekodi: "Fundi Masalu. Igogo. Kazi safi. Waranti miezi mitatu." Na namba ya simu. Yote kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, na yamepigiwa mstari.

Nilipaswa kukiri hapo. Badala yake nikasema, "Hiyo imekuja nayo kutoka kiwandani."

"Kiwanda kiko Igogo?" Neema akauliza, kwa adabu ileile.

"Basi waliandika huko bandarini. Mimi simjui mtu anayeitwa Masalu."

Neema akaipiga namba, akaweka sauti kubwa. Nikaomba mtandao ukatike. Kila siku unakatika. Leo ulikuwa safi kama maji ya mtungi.

"Naam, Fundi Masalu hapa."

"Fundi, habari za kazi. Napiga kutoka karakana ya kampuni. Kuna lori dogo la buluu hapa kwetu..."

"La Projestus!" Masalu akafurahi kabisa. "Yule Mhaya ambaye mama yake anaumwa mgongo. Mama anaendeleaje? Mwambieni ile sabuni asiitoe. Nilimwambia asiitoe."

Mkono wa mama ukatoka mkononi mwangu. Polepole, bila kuuvuta.

"Yupo hapa," Neema akasema, "anasema hakufahamu."

Masalu akashangaa. "Hanifahamu mimi?"

Na mimi, ndugu yenu, nikaisogelea simu nikasema kwa sauti nzito, si yangu: "Mzee, umekosea namba."

"Fundi ndiye aliyepigiwa," akasema baba wa Musoma. "Anakoseaje namba?" Watu wakaangua kicheko mpaka mlinzi akaja kutoka getini. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu kwenye punje za rozari. "Kiwandani, moja. Simjui, mbili. Umekosea namba, tatu. Mawe!" (Kihaya hicho, yaani mama wee.) " Kilichobaki ni jogoo tu."

Neema akaandika kwenye fomu yangu neno moja, IMEGUSWA, juu ya saini yangu yenye mkia. Kisha akaniambia kitu ambacho nitakikumbuka mpaka uzee. "Kaka, hizi sampo tunajua zina kasoro. Siku ile Igogo ungetupigia simu tu, tungekufuata hukohuko na mpya. Kabla hujamgusisha mtu." Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Wakalishusha. Nikalitoa getini likidondosha, nikaegesha nje ya uzio kwa sababu oili ilikuwa inakaribia kuisha. Mama akakaa kwenye jiwe. Kesho nina mzigo wa Misungwi, lakini naapa mzigo haukuwa kichwani mwangu kabisa. Kichwani nilikuwa na miaka sita ya altare.

Kama nusu saa hivi bodaboda ikasimama. Akashuka Masalu na mfuko wake wa spana. Nikaanza, "Fundi, pale kwenye simu mtandao ulikuwa..."

"Bosi, nilikusikia vizuri." Akatandika boksi chini ya lori. "Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya maandishi yangu. Miezi mitatu haijaisha. Nikiandika waranti, ni waranti."

Kisha akamgeukia mama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama. Mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu," akasema mama. Mwanangu! Neno lile limehama nyumba nikiwa nimesimama palepale. Mimi tangu karakanani naitwa Projestus, jina zima, kama kwenye cheti cha ubatizo.

Sasa hivi ninavyoandika Masalu yuko chini, miguu tu ndiyo inaonekana. Mama ndiye ameshika sabuni, anaifinyanga mwenyewe na mgongo wake ule, anampa vipande. Hela Masalu amekataa. Mimi nimepewa kazi ya kushika kopo la rangi nyeupe, kwa sababu mama ameagiza safari hii aandike jina lake na kwa mbele.

Kwa hiyo nawaomba, msicheke. Au chekeni bila kuniandikia, maana simu ikilia mama ananiuliza ni nani na anasema nini, na leo nimeshamaliza uongo wote niliokuwa nao.