Nilivyokaribia Kumtilia Mwanangu Saini

Leo nimefedheheka, tena nyumbani kwangu, mbele ya biriani niliyoiagiza mwenyewe.

Mwanangu Khalid anasoma uhandisi Marekani, na anachezea chuo chake mpira wa kikapu. Juzi kaniandikia: "Baba, jina langu limo kwenye orodha ya drafti." Drafti ndiyo siku timu za kulipwa za kule huchagua wachezaji wapya.

Sasa mimi ni mtumishi wa serikali, ofisi yangu ipo mtaa wa Al Khuwair. Kwetu jina likitokea kwenye orodha, kazi umeshaipata! Pongezi zinaanza saa hiyo hiyo. Basi sikuuliza zaidi. (Kuuliza ni kwa wasiojua mambo.) Nikaalika ukoo mzima, leo baada ya sala ya Ijumaa, hapa kwangu Mawaleh. Halwa sinia tatu.

Binamu yangu Nassor, anayeuza magari Wattaya, akaja na karatasi.

"Mchezaji wa kulipwa lazima awe na wakala," akasema. "Na wakala ni mie. Ya nini kumpa mtu baki?"

Mkataba kauchapa mwenyewe, kaugonga muhuri wa duka la magari. Mzazi atie saini kwa niaba ya mtoto. Nikaona binamu yangu ana akili kweli!

Watu wakatoa simu wapige picha. Nikajikohoza, nikashika kalamu, nikasema bismillahi. Hapo hapo simu ya mama yangu ikalia. Khalid, kwa video! Kule ndiyo kwanza kunakucha, macho yake yamevimba kwa usingizi. Mama akamwelekezea kamera, amwone baba yake siku ya furaha.

"Baba, karatasi gani hiyo?"

"Mkataba wako, mwanangu. Ammi Nassor ndiye wakala wako."

"Baba! Weka kalamu chini! Usitie saini!"

Mtu mmoja alibaki na tonge mkononi.

"Ile orodha nimejiandikisha mwenyewe," Khalid akasema. "Ukitimiza umri na masharti unatia jina, timu zinakupima. Unaweza kujitoa mapema ukarudi chuoni. Lakini ukifunga mkataba na wakala asiyeidhinishwa, wewe au mzazi wako, kuchezea chuo basi. Na ufadhili wa masomo unakwenda."

"Kwa hivyo... hukuchaguliwa?" nikanong'ona. (Simu ilikuwa kwenye spika.)

"Sijachaguliwa, Baba. Nilishajitoa jana. Narudi kumaliza mwaka wa mwisho."

Mama yangu akadakia: "Kumbe sharti umri? Basi hata mie nnao!"

Wakacheka mpaka vikombe vya kahawa vikamwagika. Nassor anaikunja karatasi yake taratibu, anaitia mfukoni kama risiti ya mafuta. Mimi nikakaa chini. Si kwa aibu, wallahi. Nilikuwa nafikiria ile kalamu. Ilikuwa imeshagusa karatasi! Nukta moja nyeusi, nimeiona kwa macho yangu. Miaka mitatu ya mtoto kuamka alfajiri kufanya mazoezi na kukesha na vitabu, nami nakaribia kuimaliza kwa herufi ya kwanza ya jina langu, huku natabasamu kwenye kamera.

Alhamdulillahi. Mwanangu bado ni mwanafunzi. Mjinga leo ni mmoja tu, na ameshakula biriani yake. Basi msinicheke, nipeni pongezi: nimejifunza kutotia saini.