Kamati ya Mwendo wa Salamu

"Mama Aneth, hivi wati mia tano ni mbio au ni nguvu?"

Ndivyo jirani yangu Marselina alivyoniuliza siku ile anaitoa baiskeli yake ya umeme kwenye boksi. Nikamwambia jambo kama hilo ni la kitaalamu, linahitaji kamati. Sikujua kwamba Mungu alikuwa ananisikiliza. Wiki sita baadaye kamati ikaundwa, na mimi nikawa ndani yake.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, kwa herufi kubwa: INATANGAZWA KWA WANANCHI WOTE, WAENDESHAO NA WATEMBEAO, KWAMBA KATA SASA INAYO KAMATI YA KUDUMU YA MWENDO NA NGUVU ZA BAISKELI ZA UMEME. Kata nzima ilikuwa na baiskeli ya umeme moja tu, hiyo ya Marselina. Lakini uongozi mzuri hausubiri tatizo mpaka liwe mawili.

Jina la kata silitaji kwa sababu faili bado liko wazi. Niseme tu kwamba kutoka kwetu mpaka vibanda vya chai vya Nsemulwa unafika kwa mguu bila shida, kama miguu yako yote miwili ni mizima. Wa Marselina wa kushoto ulivunjika miaka mitatu iliyopita, ukaunga vibaya. Kila asubuhi anachukua maziwa kwa Mzee Luhende, mfugaji wetu, anayapeleka kwenye vibanda vya chai. Zamani maziwa yalikuwa yanafika yameganda na yeye anafika analia. Kaka yake wa Inyonga akauza asali ya misimu miwili, akamnunulia baiskeli. Tangu hapo maziwa yakawa yanafika na joto la ng'ombe, na watoto wake wawili wakaacha kulala na uji mtupu.

Kosa lake lilikuwa hili. Mtendaji wetu wa Kata, Bwana Abednego, alikuwa amesimama katikati ya barabara, anaongea kwenye simu habari za usalama barabarani. Baiskeli ya umeme haingurumi. Marselina alipofika nyuma yake akasema "Hodi!" kwa adabu kabisa. Mtendaji akaruka, akatua mtaroni na suruali yake nyeupe. Hakuumia. Suruali ndiyo iliumia. Siku hiyohiyo baiskeli ikafungiwa stoo ya ofisi, kati ya meza mbovu na mabango ya mwaka jana.

Kamati ilikuwa na viti sita. Mwenyekiti Mtendaji mwenyewe. Mzee Luhende kiti cha mifugo. Nyanda, mgambo wa kata, mtaalamu wa mbio. Mimi nilikalia vitatu: cha wanawake, cha wajane na cha dini. Mtendaji alisema huko ndiko kubana matumizi. Nikafungua kikao kwa sala, maana ajenda ilikuwa nzito.

Tulianza na nguvu. Mtendaji alikuwa na karatasi ambayo haikusema imetoka wapi. Ilisema baiskeli isizidi wati mia mbili na hamsini, ikizidi hiyo ni pikipiki.

"Wati mia mbili na hamsini ni balbu ngapi?" akauliza.

Nyanda akahesabu kwa vidole. "Balbu nne za sitini, afande, na ile ndogo ya chooni."

"Balbu nne haziwezi kunitupa mtaroni!"

"Na choo, afande."

"Hata na choo!"

Mzee Luhende akainua mkono. "Birika la ofisi limeandikwa wati elfu mbili chini pale. Mbona hatulifungi?"

Mtendaji akafikiri. "Birika halina haraka," akasema. Ikaandikwa hivyo.

Ikaamuliwa nguvu zipimwe kwa vitendo. Baiskeli ikafungwa kamba upande mmoja, upande wa pili akafungwa dume la plau la Mzee Luhende, jina lake Kasimama. Marselina akachochea umeme. Kasimama hakuvuta wala hakuvutwa, alikuwa anacheua tu anatuangalia. Kamba ikakatika. Nikaandika kwenye kumbukumbu: nguvu ya baiskeli ni sawasawa na ng'ombe ambaye hataki.

Kikao cha pili kilikuwa cha mwendo. Kifaa cha kupimia spidi hatukuwa nacho, ila tulikuwa na Nyanda. Akavua buti, akakimbizana na baiskeli kutoka kwenye bomba la maji mpaka kanisani. Nyanda akashinda. Hapo kukawa na utata mkubwa, kwa sababu kama baiskeli inazidi spidi, Nyanda anazidi zaidi. Mtendaji akampa onyo la mdomo apunguze mwendo akiwa kazini. Nyanda akapiga saluti, na tangu siku hiyo akawa anafika kazini saa nne.

"Nyie mnapoteza muda," Mtendaji akasema, akaegemea kiti. "Kwani mnadhani kilichoniuma ni mtaro? Kilichoniuma ni kupitwa bila salamu. Mimi! Mtendaji!"

"Hapo umesema," Mzee Luhende akajibu. "Kwetu ukimpita mtu hujamsalimia, umemwita kisiki."

"Kisiki! Umesikia, Mama Aneth? Niliitwa kisiki!"

"Alisema hodi," nikamkumbusha.

"Hodi siyo salamu. Hodi ni taarifa." Akainuka. Nilimwona usoni, wazo lilikuwa linamjia, na sisi tulikaa kimya tusilitishe. "Andika! Mwendo halali ni ule ambao mtu anaweza kusalimia na akaitikiwa. Tusihangaike tena na makilomita ya Wazungu."

Tukapiga makofi. Kwa kweli lilikuwa jambo zuri, na lingekaa zuri kama tungeliacha hapo. Ila Mtendaji alikuwa amepata moto. Salamu iwe kamili, akasema: ya asubuhi, ya nyumbani, ya watoto, ya shamba na ya mifugo. Kila moja iulizwe, ijibiwe, ndipo chombo kipite. Atakayekiuka, chombo kikae ofisini siku ishirini na moja, na mwenyewe atembee kwa miguu ajifunze utu.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. "Tuandike baiskeli ya umeme," nikauliza, "au kila chenye magurudumu?"

"Andika kila chenye magurudumu, Mama Aneth. Sheria yangu haibagui."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani! Weka na hiyo."

Nikaweka na hiyo. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, lakini unasomeka.

Karatasi ikapelekwa kwa Mheshimiwa Mratibu wa Mwendo Salama, ambaye ni mkubwa wa wakubwa wa Mtendaji. Ikarudi kesho yake na saini na mihuri miwili. Tulifurahi kupata kiongozi anayesoma haraka namna ile.

Marselina akaitwa kufanya mtihani. Akishinda, baiskeli yake. Akishindwa, ingepakiwa kwenye gari la Mheshimiwa siku ya uzinduzi wa kanuni, ipelekwe makao makuu ikawe mfano. Na vitu vya kata vinavyopelekwa makao makuu hatujawahi kuviona vikirudi.

Alikuja amevaa gauni lake la Pasaka. Wiki ya nne hiyo alikuwa anabeba dumu kichwani na ule mguu, na vibanda viwili vilishamwambia asilete tena maziwa ya kuganda.

"Nikishindwa je, dada?" akaninong'oneza.

"Msalimie vizuri tu. Mungu yupo."

Mtendaji akasimama kando ya barabara, mikono nyuma. Marselina akaja pole pole.

"Habari za asubuhi, Mheshimiwa?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nyumbani tunamshukuru Mungu. Bati la jikoni ndilo lilitoboka, nikamwita fundi, fundi mwenyewe akaja amelewa..."

Baiskeli ikaanza kuyumba, maana ukienda pole kupita kiasi inalala. Marselina hakutaka kuanguka mbele ya watu. Akakata kona, akaanza kumzunguka.

"Za watoto?" akauliza akiwa upande wa mbele.

"Wa kwanza yuko chuo, anasomea mambo ya, ya..." Mtendaji akawa anageuka amfuate kwa macho. "Simama basi!"

"Nikisimama si mwendo tena, Mheshimiwa. Za shamba?"

Akazunguka mara tisa. Salamu zote tano zikaulizwa, zikajibiwa, na ya mifugo Mtendaji aliijibu ameshika nguzo ya umeme, kizunguzungu kimempata. Watu wakashangilia. Mzee Luhende akatangaza, "Amefaulu!"

"Amefeli," Mtendaji akasema akiwa bado kwenye nguzo. "Salamu mbili kausalimia mgongo wangu."

Baiskeli ikarudi stoo. Marselina akarudi kwake anachechemea na gauni la Pasaka. Usiku nilisali rozari kwa nia yake, na kwa nia ya Mtendaji pia, kwa sababu tumeagizwa.

Jumamosi ya uzinduzi palifungwa turubai, vikapangwa viti vyekundu. Baiskeli ikaegeshwa mbele, imefungwa utepe, tayari kwa kupakiwa. Mtendaji alimteua Mzee Luhende kuwa Msalimiwa Rasmi. Alimvalisha beji ya kijani, akamsimamisha kando ya barabara ili Mheshimiwa aone sheria inavyoishi. Nyanda akapewa kamba ya kuzuia vyombo na nakala ya kanuni, maana hakuwa na kitu kingine cha kusoma.

Mheshimiwa alichelewa saa mbili. Ndipo likaonekana vumbi, kisha taa, kisha gari jeupe linakuja kama linafukuzwa. Mzee Luhende akavua kofia. "Mwanga..." akaanza salamu ya Kisukuma, na gari likapita, beji ikapeperuka mpaka kwenye mahindi ya watu.

Nyanda akainua kamba. Gari likafunga breki. Akaenda dirishani, akapiga saluti, akaomba funguo kwa dereva, akazitia mfukoni.

"Nyanda!" Mtendaji alikuja mbio, tai begani. "Una wazimu? Huyo si ndiye mgeni rasmi!"

"Ni mgeni rasmi, afande. Ila ana magurudumu manne."

Mheshimiwa akashusha kioo. "Nini hiki?"

Nyanda akamsomea, neno kwa neno, mpaka siku ishirini na moja, mpaka hata awe nani.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Nikasogea, nikasema kwa heshima, "Mheshimiwa, mwandiko ni wangu, maneno ni ya Mtendaji. Saini ni yako."

Akaichukua karatasi. Aliisoma mara ya kwanza, na nadhani ilikuwa kweli mara ya kwanza. Watu walikuwa wengi na simu zao zimeinuliwa. Angesema haiko halali, angekuwa amekiri kwamba anasaini asichosoma. Nilimwonea huruma. Nilimwona anachagua.

"Kanuni ni nzuri," akasema. "Nitarudi nyuma, nipite upya."

Nyanda akarudisha funguo. Gari likarudi mpaka kwenye bomba la maji, likaja tena, pole pole, Mheshimiwa ametoa kichwa dirishani.

"Habari za asubuhi, mzee?"

"Saa nane hii, lakini nzuri. Za huko?"

"Nzuri. Za nyumbani?"

Mzee Luhende ana wake watatu, akaanza na mkubwa. Gari likawa linasogea kwa kukanyagwa na kuachiwa, mzee anatembea pembeni taratibu, mkono juu ya mlango. Kwenye watoto walifika mbele ya zahanati. Kwenye shamba walifika shuleni, wakageuza, maana shamba lilikuwa bado. Spika zikazimwa. Wapishi wakapakua pilau, watu wakala, wakarudi kuangalia. Moshi ukaanza kutoka mbele ya gari.

"Mzee, tuseme imetosha," Mheshimiwa akasema, kola imelowa. "Nina kikao mjini."

"Imetosha vipi? Mifugo hujauliza."

"Za mifugo?"

"Ng'ombe ninao tisini na mbili." Mzee akajiweka sawa. "Huyu wa kwanza anaitwa Kasimama."

Gari likazima lenyewe. Mheshimiwa akashuka, akaomba kalamu. Nikampa yangu. Akaandika juu ya boneti, akaondoa mkono haraka kwa sababu ya joto, akaandika tena: KANUNI IMEFUTWA. VYOMBO VYOTE VILIVYOZUILIWA VIACHIWE.

"Vyote, Mheshimiwa?" nikauliza. "Na baiskeli hiyo?"

"Hata mkokoteni! Vyote!"

Marselina hakungoja mkasi. Aliukata utepe kwa meno, akafunga dumu lake nyuma. Lilikuwa na maziwa ya mchana. Akawasha, akaondoka kuelekea Nsemulwa, wala hatukumsikia anaondoka.

Mheshimiwa akamgeukia Mtendaji, ambaye muda wote alikuwa ameshika sahani ya pilau asiyoila. "Abednego. Pikipiki ya ofisi ni ya kwako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimepewa kwa kazi."

"Lete funguo. Naenda nayo kwenye kikao. Gari likipona dereva ataleta. Wewe tembea siku ishirini na moja, na kila siku uje kwa huyu mama akusomee unachonipelekea nisaini."

"Lakini Mheshimiwa, kanuni si umeifuta?"

"Hiyo siyo kanuni. Hiyo ni amri."

Mtendaji akatoa funguo. Mheshimiwa akapanda pikipiki, akatimka, vumbi likatuangukia wote na pilau.

Lilipotulia, nikamtazama Mtendaji. Suruali ilikuwa nyeupe, nyingine. "Basi Jumatatu saa mbili," nikamwambia. "Tutaanza na sala."

Akaweka sahani kwenye kiti chekundu, akavua beji yake ya uenyekiti, akaiweka juu ya sahani. Mzee Luhende akasogea karibu, kofia mkononi. "Mtendaji, za tangu asubuhi?"

Mtendaji akampita, akashika barabara kwa miguu, akaenda zake bila kuitikia.